Fuko Katika Uwanja wa Nyasi: Kwa Nini Tumekataa Vidonge

(Maneno haya yalisemwa na sisi wa kamati ya maendeleo mbele ya wazazi wa shule ya chekechea, kikundi cha akina mama na vijana. Tumeyachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Mkutano huu umeletwa na barua. Wazazi mmetuandikia kwamba uwanja wa nyasi mbele ya madarasa ya chekechea umeharibika. Vifusi vya udongo viko kila mahali, nyasi zimekauka mabaka mabaka, watoto wanajikwaa wakicheza, na juzi mwalimu aliingia mguu mpaka kwenye kifundo pale ardhi ilipokuwa tupu chini. Mkaomba kamati itoe pesa za kununua vile vidonge vya kufukiza mahindi, vitiwe ndani ya mashimo, fuko wafe wote siku moja. Baadhi yenu mkaongeza kwamba nyumbani mmeshavitumia na vinafanya kazi.

Tuliisoma barua hiyo tukaizungumzia kwa muda mrefu. Kuhusu uwanja, mna haki. Kuhusu vidonge, jibu letu ni la. Lakini si vizuri mtu kuambiwa la halafu aachwe na shida yake mkononi, na ndiyo sababu tumekuja tuzungumze.

Wacha tuanze na mnyama mwenyewe, kwa sababu wengi wetu tunapigana naye na hatujapata kumwona. Fuko wa huku kwetu nyanda za juu, yule ambaye Wakikuyu humwita huko, ni jamii ya panya. Ana manyoya laini, mkia mfupi, macho madogo kama punje za mtama, na meno manne ya mbele makubwa ya rangi ya machungwa. Meno hayo ndiyo jembe lake. Huuma udongo kwa meno, huusukuma nyuma kwa miguu, halafu hugeuka na kuusukuma nje kwa shavu na mguu wa mbele. Midomo yake hufunga nyuma ya meno, kwa hivyo hali udongo anapochimba. Mzima ana uzito wa gramu kama mia mbili hivi, yaani chini ya robo kilo. Mnyama wa robo kilo ndiye anayetusumbua hivi!

Tunasema haya kwa sababu vitabu na magazeti ya kutoka Ulaya na Marekani yanaeleza habari za fuko mwingine kabisa. Yule wa Ulaya si panya. Anakula nyungunyungu na wadudu, hagusi mizizi, na mkulima wa huko humlalamikia kwa ajili ya vifusi tu. Fuko wa namna hiyo hayuko Kenya. Basi mtu akisoma huko kwamba ukiua wadudu wa ardhini fuko atakosa chakula na kuhama, asipoteze pesa zake. Wa kwetu anakula mizizi, viazi vitamu, karoti, mihogo, mizizi ya nepia na ya migomba, na hizi nyasi za Kikuyu ambazo tumepanda uwanjani. Vile vishina vinene vinavyotambaa chini ya nyasi hizo, kwake ni ugali. Nyasi zenyewe zilitoka kwenye nyanda zetu hizi, ndiyo maana zinaitwa hivyo mpaka Australia na Kalifornia, ambako hupandwa kwenye viwanja vya michezo. Fuko amekaa nazo tangu zamani kabla ya mtu yeyote kufikiria uwanja.

Kuna ndugu zetu wa kutoka upande wa ukame, Isiolo na Kitui, ambao wanajua fuko mwingine tena, yule asiye na manyoya. Yule anaishi kijiji kizima, mara nyingi sabini au themanini pamoja, na malkia mmoja tu anayezaa. Ni mtaalamu Jennifer Jarvis aliyeeleza jambo hilo mwaka 1981, na ulimwengu ukashangaa. Wa kwetu sivyo alivyo. Wa kwetu anaishi peke yake. Hapatani na mwenzake, na wakikutana ndani ya njia moja wanapigana vibaya. Dume na jike hukutana kwa ajili ya kuzaa, basi. Mama hulea watoto wake, kwa kawaida mmoja au wawili, mara nyingine hadi wanne, na wakishakua huondoka kila mmoja akachimbe kwake.

Tafadhali lishikeni hilo, maana linabadilisha hesabu yote. Mtu akiona vifusi ishirini uwanjani husema ana fuko ishirini. Sivyo. Mara nyingi vifusi vyote ishirini ni vya mnyama mmoja, ambaye njia zake zinazunguka huku na huku chini ya nyasi. Jioni sawazisheni vifusi vyote kwa reki au kwa mguu. Asubuhi angalieni ni vipi vimeinuka tena. Mkiona udongo mpya upande mmoja tu, mna mgeni mmoja. Mkiona udongo mpya pande mbili zilizo mbali, labda mna wawili. Kule chekechea tulifanya hivyo kwa siku tatu kabla ya mkutano huu. Udongo mpya ulionekana sehemu mbili: karibu na ua wa nepia, na pale chini ya bembea. Kwa hivyo tunazungumza habari za wanyama wawili, na ni kwa ajili ya wanyama wawili tumeombwa kuweka sumu mahali ambapo watoto hucheza.

Sasa tuzungumze juu ya vidonge. Mnavijua, wengi wenu mnavitumia katika ghala. Kidonge kikikutana na unyevu wa hewa au wa udongo hutoa hewa ya sumu inayoitwa fosfini. Hewa hiyo ndiyo inayoua, si kidonge. Nayo haichagui: inamuua dumuzi katika mahindi, inamuua panya, na inamuua mtu. Mtu akishaivuta, hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Hospitali inaweza tu kumsaidia apumue na moyo uendelee, na kuomba Mungu. Wengine husema utaisikia kwa harufu, ati inanuka kama kitunguu saumu au samaki. Msitegemee harufu. Mtu anaweza kudhurika kabla pua haijamwonya, na aliyelala hanusi kitu. Tena tumesikia kwamba wengine wakishatia vidonge shimoni humwaga maji juu ili hewa itoke haraka. Jamani! Maji mengi juu ya vidonge hivyo yanaweza kuwasha moto hapo hapo.

Shimo la fuko si chupa iliyofungwa. Njia zake hupita chini ya ua, chini ya kibanda, hata chini ya msingi wa nyumba, na udongo una nyufa. Huwezi kujua hewa uliyotia hapa itatokea wapi. Katika mji wa Layton, jimbo la Utah huko Marekani, mwezi wa Februari 2010, watu wa kampuni ya kuua wadudu walitia vidonge vya namna hii katika mashimo ya panya wa shambani kwenye nyasi za nyumba ya watu. Hewa ikaingia ndani ya nyumba. Mabinti wawili wa familia hiyo wakafa, mmoja wa miaka minne na mwingine wa mwaka mmoja na miezi michache. Hao walikuwa watu wa kazi hiyo, siyo mtu aliyenunua vidonge kwenye agroveti akavibeba mfukoni. Baada ya hapo serikali ya Marekani iliamuru vidonge hivyo visitumike tena kwenye mashimo ya nyumbani, wala mashimoni karibu na jengo lenye watu kwa umbali wa futi 100, ambao ni kama mita thelathini. Tulipima kwa hatua kutoka bembea mpaka mlango wa darasa la watoto wadogo. Ni hatua kumi na moja.

Hata wale wenye ghala, tunawasihi: vidonge hivi ni vya kushikwa na mtu aliyefundishwa na mwenye kibali, na familia isilale chumba kimoja na mahindi yaliyotiwa. Hayo tutayazungumzia siku nyingine, kwa sababu ni makubwa.

Mama mmoja alitwambia, basi tuache vidonge, tutumie ile dawa nyeusi ya panya, tuipake kwenye kiazi. Mama, tumekusikia, na tulilifikiria. Shida ni kwamba fuko huweka akiba. Chakula akikiona hakili pale pale, anakivuta mpaka ghala lake karibu na kiota. Kiazi chako chenye sumu kitakaa huko chini mwezi mzima, halafu siku moja mtu akilima, au mtoto akichimba kwa kijiti, atakiokota. Na fuko akila akafia karibu na mdomo wa shimo, mbwa humfukua. Mbwa wangapi wamekufa katika eneo letu na hatujui walikula nini?

Kuhusu zile chembechembe za zambarau zilizojulikana kwa jina la Furadan, hatutaki hata kuzisikia. Zilikuwa dawa ya wadudu wa mimea, zikageuzwa kuwa sumu ya kila kitu. Zimeua simba katika nchi za wafugaji, na kule Bunyala zilitumiwa kutega ndege, na nyama ya ndege hao ikauzwa watu wale. Mwaka 2009 watengenezaji wenyewe waliziondoa katika soko la Kenya. Yeyote anayekuuzia kwa siri katika karatasi isiyo na jina, hakutakii mema.

Tunajua pia kuna dawa za kienyeji na za kubuni. Chupa zilizovunjwa zitiwe shimoni, oili chafu ya gari, petroli, vitambaa vya pilipili vinavyowashwa. Chupa katika uwanja wa watoto wanaotembea bila viatu, hapana. Oili chafu itaua nyasi kuliko fuko mwenyewe, na itaingia katika maji ya kisima. Moshi hauna hatari kama hizo, lakini fuko akisikia hali imebadilika ndani ya njia yake kazi yake ya kwanza ni kuziba kwa udongo, na ameshaziba kabla moshi haujamfikia. Maji ni vivyo hivyo. Ndoo ishirini zinamezwa na mchanga na yeye amekaa mahali pa juu. Kuna na vile vifimbo vya jua vinavyopiga kelele ardhini, vinauzwa mjini kwa bei kali. Sisi pesa zetu hatungezitoa.

Utupa tunaupa heshima kidogo. Ule mmea wenye maua meupe au ya zambarau ambao wazee walitumia kulevya samaki mtoni, wakulima wengi wa Kenya na Uganda huupanda kuzunguka shamba ili kufukuza fuko. Wengine wanausifu sana, wengine wamemkuta fuko akipita katikati ya mistari yake kama mtu na njia yake. Maoni yetu ni kwamba kwenye mpaka wa shamba unaweza kusaidia, tena mbolea yake ni nzuri kwa udongo, lakini usiutegemee peke yake. Na majani yake yasitupwe mtoni wala kwenye kidimbwi cha samaki, kwa maana sumu ile ya zamani bado imo. Ndani ya uwanja wa watoto hatutaupanda.

Kinachobaki ni kile ambacho babu zetu walikijua: mtego wa kitanzi. Tunaona vijana wanacheka. Ni kweli, mtego hauna haraka, na hauuzwi dukani. Lakini unamkamata fuko unayemtaka na haumdhuru mwingine. Nguvu yake iko katika tabia moja ya fuko: hawezi kuvumilia njia yake ikiwa wazi. Mwanga na upepo vikiingia, lazima arudi azibe. Huhitaji kumtafuta, utamwita aje.

Kifusi siyo mlango. Ni takataka tu alizotupa nje kwa njia ya pembeni, na ukichimba katikati ya kifusi utachoka bure. Tafuta kifusi kipya, chenye udongo mweusi wenye unyevu. Chukua kijiti kigumu kilichochongwa, uchome ardhini kuzunguka kifusi, hatua moja au nusu hatua kutoka kwake. Udongo wa kawaida utakukatalia. Ukifika juu ya njia, kijiti kitazama ghafula kana kwamba kimeingia katika chungu. Njia zake za chakula kwa kawaida ziko sentimita kumi na tano hadi thelathini chini. Kiota kiko chini zaidi, usihangaike nacho. Kata nyasi kwa panga kama mfuniko, uziweke kando na mizizi yake, maana utazirudisha. Fungua njia, toa udongo ulioanguka ndani, halafu ondoka. Rudi baada ya saa kadhaa, au asubuhi. Ukikuta pamezibwa, mwenyewe yupo. Usipokuta pamezibwa kwa siku nzima, njia hiyo imeachwa. Funika utafute nyingine. Wengi husema mtego haufai kwa sababu walitega katika nyumba isiyo na mtu.

Ukishajua kwamba yupo, fungua tena. Chomeka ufito mbichi unaopinda bila kuvunjika, wa urefu wa mita moja na nusu hivi, karibu na njia. Kwenye ncha yake funga waya laini wenye kitanzi, na uzi wa pili. Kitanzi kikae ndani ya njia, kikilala ukutani pande zote, kimeshikwa kwa udongo laini ili fuko apite katikati yake bila kuhisi. Uzi wa pili ukatize njia mbele ya kitanzi, upande wa mdomo uliofungua, nao ndio unaoshikilia ufito uwe umepinda. Fuko anakuja kutoka ndani kuziba. Kichwa na mabega yanapita katika kitanzi, anakuta uzi umemzuia, anautafuna kama mzizi. Uzi ukikatika, ufito unaruka juu na waya unamkaza. Uzi uwe wa pamba au kamba ya mgomba, siyo nailoni, maana nailoni hataipenda. Na kwa kuwa njia ina pande mbili, na huwezi kujua atatokea upande gani, tega miwili, mmoja ukiangalia huku na mwingine kule.

Paka mikono udongo kabla ya kushika waya, isinuke sabuni wala tumbaku. Tega jioni, na uangalie mapema asubuhi. Mtego usiachwe siku mbili. Kuua mnyama anayeharibu si dhambi, lakini kumwacha ananing'inia akiteseka kwa uvivu wetu si jambo la kujivunia. Ukimpata, usimshike kwa mkono mtupu, ana viroboto, na kama bado yu hai ana yale meno. Vaa mfuko wa plastiki mkononi au tumia kijiti, umzike chini kabisa. Kule chekechea mitego itategwa Ijumaa jioni watoto wakishaenda nyumbani, na itang'olewa kabla ya Jumatatu. Ufito uliopinda ukimpiga mtoto jichoni ni hatari, hata kama hauna sumu.

Mzee mmoja alituuliza: na akikamatwa, hatakuja mwingine? Atakuja, mzee. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa. Nyumba ya fuko ikibaki tupu, kijana aliyefukuzwa na mama yake huiingia akaipata imeshachimbwa, ana ghala na kila kitu. Kwa hivyo siku ya kumpata fuko kazi haijaisha. Zifuateni njia kwa kijiti, zikanyagwe zibomoke, zijazwe udongo na mawe pale zilipo kubwa. Udongo wa vifusi utandazwe, ni udongo mzuri uliopepetwa. Rudisheni nyasi, na penye kipara pandikizeni vipande vya vile vishina vinavyotambaa, vitashika kwa mvua moja. Halafu mtu mmoja awe anapita uwanjani kila wiki, zaidi wakati wa mvua, kwa maana udongo ukilainika ndipo wanapochimba kwa bidii. Kifusi kimoja kipya ni kazi ya jioni moja. Vifusi ishirini ni mkutano kama huu.

Lingine ni majirani. Uwanja wa chekechea umepakana na nepia upande mmoja na viazi vitamu upande mwingine. Kule ndiko nyumbani kwa fuko, kwetu anakuja kutembea. Tukitega sisi peke yetu tutakuwa tunateka maji kwa kapu. Tumezungumza na wenye mashamba hayo mawili na wamekubali kutega siku zile zile. Mmoja ameahidi pia kuvuna viazi vyake vilivyokaa ardhini muda mrefu. Na kama mtu anaanza uwanja mpya nyumbani kwake, basi kabla ya kupanda nyasi atandaze waya wa matundu madogo chini, sentimita kama thelathini, na kingo zake azipinde ziingie chini zaidi. Ni gharama, hatukatai. Kwa kiwanja kidogo mbele ya nyumba inawezekana. Kwa chekechea hatuna pesa hizo mwaka huu.

Kuhusu kuajiri mtegaji, wapo na wengine ni hodari. Kwa kawaida hulipwa kwa kila fuko. Mpatane bei kabla, na akuonyeshe mnyama mzima, siyo mkia peke yake, maana mkia unaweza kutoka shamba la mtu mwingine. (Tumewahi kusikia pia habari za mtegaji ambaye hamgusi jike, asije akakosa kazi mwaka ujao. Labda ni mzaha.)

Tuna neno moja gumu, nalo ni juu ya bundi. Huyu ndiye mtegaji asiyedai malipo. Fuko hutoka juu mara chache, hasa usiku na vijana wakihama, na bundi anangoja saa hiyo. Lakini bundi akitua juu ya paa tunasema ameleta kifo, tunamtupia mawe, tunachoma kiota chake. Sisi ni Wakristo, na tunaamini uhai wa mtu uko mikononi mwa Mungu, siyo katika mdomo wa ndege. Ule mti mkubwa nyuma ya kanisa una bundi wawili. Vijana, tunajua kuna mpango wa kuwatoa. Tafadhali waacheni. Na kicheche naye, ingawa ananuka na tunamlaumu kwa vifaranga, anawinda fuko. Jengeni mabanda ya kuku imara na mumwache apite.

Pengine kuna atakayeuliza kama ni lazima kuua hata huyo mmoja. Kama ni nyasi za nyumbani, hakuna mtoto mdogo wala mzee wa kujikwaa, na fuko anageuza udongo tu pembeni, sisi tungemwacha. Fuko ametajwa hata na nabii Isaya, sura ya 2 mstari wa 20, pamoja na popo. Wataalamu wanasema yule wa nchi ya Biblia si yule wa Ulaya, bali ni fuko kipofu wa kule, ambaye ni wa ukoo mmoja na huyu wetu. Kwa chekechea hatuna budi, kwa sababu mtoto akivunjika mguu pale tutaulizwa sisi.

Basi mpango ni huu. Pesa ambazo zingenunua vidonge zimenunua waya, na imebaki kidogo ya udongo na mbolea ya kujazia uwanja. Ijumaa, saa kumi jioni, wale wazee wawili wa kikundi cha wakulima waliokubali watawafundisha vijana kutega, wakianzia pale karibu na ua wa nepia. Kila kijana alete ufito mbichi na panga. Mwalimu ataweka kamba kuzunguka bembea mpaka mashimo yajazwe, na watoto wachezee upande wa jikoni kwa wiki hizo. Wale ambao bado mna vidonge nyumbani, msivitupe chooni wala msivichome. Viacheni katika kopo lake lililofungwa, pakavu, juu mahali mtoto hafiki, wala si katika chumba cha kulala, na mtuone baada ya mkutano tuandike majina, ili tumwombe afisa wa kilimo atuelekeze namna ya kuvikusanya.